Mimi ndo nilikuwa naziona skrini zenu

Haya maneno nimeyaandika nikayafuta mara tatu, safari hii nayaacha hivohivo na makosa yake. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtu wa IT kwenye ofisi moja ambayo siitaji, na kati ya kazi zangu zote, kubadilisha wino wa printa, kufungua akaunti za watu wanaosahau pasiwedi kila Jumatatu, kuambiwa "hii kompyuta imegoma yenyewe sijagusa kitu", ilikuwepo kazi moja ambayo haikuandikwa kwenye barua yangu ya ajira. Mi ndo nilikuwa naangalia kompyuta za wenzangu zinafanya nini. Nilikuwa na dashibodi kabisa, ina grafu za kijani na nyekundu na kitufe cha kufungua skrini ya mtu ukaiona kama anavyoiona yeye dakika hiyohiyo.

Watu wakisikia habari ya kufuatiliwa kazini wanawaza programu, kitu fulani huko kwenye mtandao kinachohesabu namba, afu wanajipa moyo kwamba mashine haina shida na mtu. Sasa mi nataka niongelee huyu aliyekaa nyuma ya hiyo programu. Programu haina macho jamani, ina mtu.

Ilianza hivi. Watu walikuwa wameruhusiwa kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki na bosi alikuwa halali. Akaniita akafunga mlango akaniambia paka akiondoka panya hutawala, hebu niwekee kitu nijue panya wangu wako wapi. Nikamuuliza kuna kazi imechelewa? Hapana. Kuna mteja amelalamika? Hapana, ila nahisi. Neno lenyewe ndo hilo, anahisi. Na mimi nikasema sawa bosi, maana nilikuwa na miezi minne tu pale na sikuwa na ubavu wa kubishana na mtu anayehisi.

Kuiweka hiyo programu ya kufuatilia ilinichukua jioni moja. Kompyuta 60, nikaisukuma kutoka kwenye seva, asubuhi watu wakawasha mashine zao wakanywa chai wakaanza kazi na hamna aliyejua. Hakuna dirisha linalofunguka, hakuna alama kule pembeni kwenye saa, na ukifungua orodha ya programu zinazoendelea utaona jina ambalo limepewa makusudi lifanane na kitu cha Windows. Kulikuwa na chaguo kabisa, uionyeshe au uifiche, na chini yake kampuni iliyoitengeneza imeandika kwamba ni jukumu lako kufuata sheria za nchi yako. Bosi alichagua kuficha. Mi ndo niliyebonyeza.

Inachofanya ni mambo machache ila inayafanya bila kuchoka. Inaandika dirisha gani liko mbele kwenye skrini, lina jina gani na limekaa sekunde ngapi. Inahesabu umebonyeza kibodi mara ngapi na umesogeza mausi mara ngapi (ya kunasa kila herufi unayoandika ipo pia, hiyo tuliizima, na mpaka leo namshukuru Mungu tuliizima). Dakika 5 zikipita hujagusa kitu inakuandika haupo. Na kila dakika 10 inapiga picha ya skrini yako nzima, ukiwa na skrini mbili inapiga zote mbili, inazituma kwenye seva. Mwisho wa wiki inajumlisha inakupa asilimia, huyu kazalisha 81, huyu 64, na rangi yake.

Nilipiga hesabu siku moja nikiwa sina cha kufanya. Picha 6 kwa saa, saa 8, watu 60, hiyo ni picha 2,880 kwa siku. Mwezi wenye siku 22 za kazi ni picha 63,360. Tulikuwa tunazitunza siku 90, kwahiyo wakati wowote ule seva yetu ilikuwa na picha laki mbili kasoro kidogo za maisha ya watu. Nani ataangalia picha laki mbili? Hamna mtu. Bosi mwenyewe hakuwahi kuzipitia. Hizo picha zinafunguliwa siku ambayo mtu ameshachukiwa, ameshaamuliwa kuondoka, ndo anatafutiwa sababu, na ukitafuta kwenye picha za siku 90 za mtu yeyote utaipata tu, hata malaika utamkuta saa tano asubuhi anaangalia bei ya viatu.

Ripoti ya kwanza ilipotoka nilicheka peke yangu. Wa kwanza kabisa, asilimia 98, alikuwa mzee wa manunuzi, mzee mmoja anayeheshimika sana ila kila mtu anajua baada ya saa saba mchana humpati. Nikasema huyu vipi, nikaenda mezani kwake nikijifanya naangalia nyaya. Mausi yake ilikuwa imekaa juu ya saa ya mkononi, ile ya mishale. Mshale wa sekunde unavyozunguka ile taa ya chini ya mausi inaona kama inasogezwa, kidude kwenye skrini kinatetemeka kidogo, kompyuta hailali. Nikamwambia mzee, shikamoo, hii saa vipi. Akanitazama akasema mwanangu, hiyo saa haina betri nzuri naipumzisha hapo. Nikaondoka. Kumbe hata programu yetu alikuwa haijui, yeye alikuwa anapambana na kile kialama cha Teams tu, ile programu ya ofisini ya kuchati na vikao, kinachogeuka njano ukikaa dakika 5, programu ya bosi ameipiga chenga bila hata kujua ipo.

Wa mwisho kabisa alikuwa kijana mmoja anayetengeneza hesabu za mikataba, na kila mtu ofisini anajua yule akiumwa siku mbili kazi inasimama. Asilimia 43. Kwanini? Kwasababu yule anaprint. Anaprint mkataba wa kurasa themanini, anachukua kalamu mbili, anakaa anasoma, anachora mistari, anaenda dirishani anasimama, anarudi, anaandika sentensi tatu kwenye kompyuta na hizo sentensi tatu ndo mshahara wetu wote. Kwa programu huyo mtu ametoweka tangu asubuhi. Mimi mwenyewe nilikuwa 31, maana nusu ya siku niko chini ya meza za watu au kwenye chumba cha seva, na hakuna mausi huko.

Ya karatasi inanikumbusha kesi moja ya Kanada, jimbo la British Columbia, mwanzoni mwa 2023. Mhasibu aliyekuwa anafanyia kazi nyumbani aliambiwa na baraza la usuluhishi amrudishie mwajiri wake mshahara wa saa kama 50, sababu programu ilionyesha saa alizoandika hazilingani na muda aliokuwa kwenye mafaili. Akajitetea kwamba alikuwa anafanyia kazi kwenye karatasi alizoprint, wakamjibu programu inaona hata kuprint, na hukuprint za kutosha. Sasa sisemi yule dada alikuwa mkweli, baraza liliona ushahidi mi sikuuona. Ila ile kesi ilivyosambaa mabosi wengi waliielewa kwamba kumbe programu inaweza kumkamata mwizi wa muda mahakamani kabisa, na mi nikawa namuwaza kijana wetu wa mikataba na kalamu zake mbili.

Na wizi wenyewe unafuata kipimo. Ukiwaambia watu unapima mausi, utapata mausi zinazotembea. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliachisha kazi watu zaidi ya 12 kwa kosa la kuigiza kwamba kibodi inatumika. Sasa hebu fikiria, mtu mzima, ana digrii, amefikia hatua ya kutafuta kitu cha kubonyeza kibodi kwa niaba yake, na upande wa pili kuna mtu mzima mwingine analipwa kumgundua. Hivi vifaa vya kuchomeka kwenye kompyuta vinajulikana kirahisi tu, ukichomeka chochote kwenye USB inaandikwa kwenye logi, yaani kumbukumbu za kompyuta, jina lake na kampuni iliyokitengeneza, ile saa ya mzee wangu ndo haijulikani mpaka uende mezani kwake. Mzee kawashinda wote.

Nisisahau hili. Wiki ya pili nilikuwa napitia orodha ya kompyuta, nikaona zimesajiliwa 60 na zinazotuma data ni 57. Nikadhani tatu zimegoma. Kumbe hapana, bosi alikuwa na pasiwedi ya dashibodi pia, aliingia akajitoa, akamtoa na naibu wake na mtu mmoja mwingine ambaye sababu yake kila mtu ofisini aliijua na mi sisemi. Nyani haoni kundule. Sikuuliza kitu.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Mwezi wa tatu hivi, picha zikawa zinakuja na ukungu, hazisomeki, na bosi akanituma niangalie ubora. Nikaenda kwenye orodha nikabofya yoyote tu, naapa nilibofya yoyote, ili nione kama maandishi yanasomeka baada ya kubadilisha mpangilio. Ikafunguka skrini ya dada mmoja wa uhasibu. Kwenye skrini kulikuwa na barua pepe kutoka hospitali, majibu ya vipimo. Ilikuwa inasomeka vizuri sana. Mpangilio wangu ulikuwa umefanya kazi.

Nilisoma mistari mitatu kabla sijaifunga. Ukitaka kujua mistari mitatu ina nini, inatosha. Nilikaa pale nimeshika mausi nikajiambia sijaona kitu, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikaandika kwenye ripoti "ubora umerekebishwa".

Watu wanauliza kwanini mtu afungue barua pepe ya hospitali kwenye kompyuta ya kazi. Kwasababu iko hapo! Kwasababu unasubiri majibu tangu wiki iliyopita na simu yako haina chaji na ujumbe umeingia saa nne na robo na huwezi kusubiri mpaka saa kumi na moja ndo ujue. Mtu anakaa na hiyo kompyuta saa nane kila siku, anakaa nayo kuliko anavyokaa na watoto wake, afu unategemea hata siku moja maisha yake yasipite hapo?

Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikikutana naye kwenye korido nashindwa pa kuweka macho. Yeye ananiuliza kaka za kazi, mi najibu nzuri dada huku nikiangalia kitasa cha mlango. Nilikuwa najua kitu ambacho pengine mume wake alikuwa bado hajakijua. Na sikukiiba wala sikukitafuta, niliwekewa mkononi na programu ya kupima nani anachelewa.

Afu ikaja kikao. Bosi amefungua grafu ukutani, kwa projekta, majina yote yanaonekana (hata Microsoft mwishoni mwa 2020 walileta kipimo chao cha uzalishaji kinachoonyesha mtu mmoja mmoja, watu wakapiga kelele, wakaondoa majina, ila bosi wetu majina ndo alikuwa anayapenda). Akafika kwa yule dada, akasema huyu kila Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane mchana ni nyekundu tupu, mpaka saa kumi, anakuwa wapi? Yule dada akasema alikuwa na mambo ya kifamilia na atafidia. Bosi akasema mambo ya kifamilia yafanyike Jumamosi. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumfurahisha bosi. Mi nilikuwa nimekaa karibu na projekta, nashika waya usichomoke, na nilijua Jumanne na Alhamisi saa nane anakuwa wapi.

Sikusema kitu.

Ningesema nini? Nikisema basi nimemwaga siri yake mbele ya watu thelathini. Nikikaa kimya basi ndo hivo. Nilikaa kimya, na sijioni kama nilikosea kukaa kimya siku ile, nilikosea ile jioni ya kuinstoli.

Baada ya hapo ndo nikaanza kusoma, maana mpaka wakati huo nilikuwa najua namna ya kuiweka na sikuwahi kuuliza kama inaruhusiwa. Nikakutana na kesi ya Bărbulescu, injinia wa Romania. Mwajiri wake alimtaka afungue akaunti ya Yahoo Messenger ya kuwajibu wateja, mwaka 2007 wakamfuatilia siku kadhaa, wakamwita wakamuuliza unaitumia kwa mambo yako? Akasema hapana ni kazi tu. Wakamtolea kurasa 45 za mazungumzo yake, na ndani yake kulikuwa na aliyoandikiana na kaka yake na mchumba wake, mambo ya afya, mambo ya chumbani. Wakamfukuza. Akapigana kwenye mahakama za kwao akashindwa, akaenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg, 2016 akashindwa, akaomba isikilizwe na jopo kubwa, na Septemba 2017 akashinda kwa majaji 11 dhidi ya 6. Miaka kumi. Na mahakama haikusema mwajiri hana haki ya kuangalia. Ilisema mwajiri hawezi kuyafanya maisha binafsi ya mtu kazini yawe sifuri, na ikauliza maswali ambayo niliyaandika kwenye daftari langu yote: je aliambiwa mapema? Aliambiwa kwamba hata maneno yenyewe yatasomwa? Kulikuwa na sababu ya maana? Hakukuwa na njia nyingine isiyoingia ndani kiasi hicho? Nilijibu kwa ofisi yetu, hapana, hapana, anahisi, ilikuwepo.

Baadaye sana, nikiwa nimeshaondoka, Desemba 2024, mamlaka ya data ya Ufaransa inayoitwa CNIL ikapiga faini ya yuro 40,000 kampuni moja ya mambo ya nyumba, na nilivyosoma maelezo nilidhani wanaielezea ofisi yetu. Programu inahesabu muda ambao hujagusa kibodi wala mausi, dakika 3 mpaka 15 kutegemea ilivyopangwa, na inapiga picha za skrini. CNIL wakasema kukaa bila kugusa kibodi siyo kutofanya kazi, mtu anaweza kuwa kwenye kikao au kwenye simu, na hizo picha zinaweza kunasa barua pepe binafsi na pasiwedi. Pale kwenye barua pepe binafsi nilisimama nikapumua.

Na huko Uholanzi, 2022, mahakama ya Tilburg ilimpa mfanyakazi fidia kama yuro 75,000 baada ya kampuni ya Marekani kumfukuza kwa kukataa kuwasha kamera siku nzima akiwa kazini nyumbani kwake. Kamera! Angalau sisi hatukufika huko, ingawa kitufe kilikuwepo.

Ila nisionekane nasema kampuni isiangalie chochote, mi ni mtu wa IT, nalala vizuri nikijua kuna logi. Kompyuta ni ya kampuni, data za wateja siyo zako, na wezi wapo. Kulikuwa na jamaa wa mauzo, siku moja kabla hajaleta barua ya kuacha kazi alichomeka fulashi akaanza kunakili orodha nzima ya wateja. Tulimkamata kwa kanuni moja tu iliyokuwepo kabla hata ya hiyo programu ya bosi, inayosema faili lenye alama ya siri likienda kwenye USB nipe taarifa. Mstari mmoja ukaja kwenye simu yangu, jina la faili, jina la kompyuta, saa. Sikuhitaji kumuona uso wala kujua asubuhi alisoma gazeti gani. Kanuni ile ilikuwa inalinda faili, na watu wote walikuwa wanaijua, ipo kwenye karatasi waliyosaini. Zile picha laki mbili katika muda wote niliokuwepo hazikukamata mwizi hata mmoja.

Sasa kwa wanaonitumia meseji kuuliza watajuaje kama wanaangaliwa. Jibu fupi ni kwamba kwenye kompyuta ya kazi ichukulie unaangaliwa, basi. Ile hali ya faragha ya brauza haikusaidii kitu, inaficha historia kwa anayekuja kukaa kwenye hicho kiti baada yako, haimfichi mtu wa IT. WhatsApp ya kwenye kompyuta ni hivohivo, ujumbe umefungwa njiani lakini ukishafika kwenye skrini umefunguka, na picha inapigwa kwenye skrini. Ukitaka kujua kama mtandao wa ofisi unafungua mambo yako bonyeza pale kwenye anwani ya tovuti uangalie cheti cha tovuti, kile kinachothibitisha kwamba ndiyo yenyewe, kimetolewa na nani, ukikuta jina la kampuni yako au la kifaa chao cha ulinzi badala ya mtoaji anayejulikana, basi wanapita katikati wanasoma afu wanafunga tena. Simu yako binafsi kwenye wifi ya ofisi kwa kawaida wataona umeenda tovuti gani, hawataona umeandika nini, isipokuwa kama ulikubali kuweka cheti chao au ule mpango wao wa kusimamia simu ili upate barua pepe za kazi, na huo usome kabla hujabonyeza kubali maana mwingine unawapa uwezo wa kuifuta simu yako nzima ukiwa nyumbani. Mambo ya hospitali, ya benki, ya kutafuta kazi nyingine, fanya kwenye simu yako na bando lako. Nimeona barua za kuomba kazi nyingi sana zikiandikwa kwenye kompyuta za kazi, baadhi zilikuwa nzuri kuliko barua yangu.

Na sheria zipo siku hizi. Ulaya wana GDPR, sheria yao ya kulinda data za watu, tangu 2018, jimbo la New York tangu Mei 2022 mwajiri lazima akupe taarifa kwa maandishi kwamba anakufuatilia, Kenya wana sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ya 2022. Shida ni kwamba sheria inasubiri mtu alalamike, na mtu hawezi kulalamikia kitu asichokijua.

Nilichofanya mimi ni kidogo. Nilienda kwa mama wa HR na daftari langu, nikamsomea maswali ya ile kesi ya Romania, nikamwambia mama, siku mtu mmoja akijua haya tumekwisha. Yeye alikuwa hajui kama picha zinapigwa, alidhani ni kuhesabu muda tu. Alienda kwa bosi peke yake, sijui waliongea nini, alitoka macho mekundu. Wiki mbili baadaye ikatoka taarifa ya ukurasa mmoja kwa wafanyakazi wote, kompyuta zinafuatiliwa, picha zilikuwa zinapigwa na sasa zimesitishwa, muda utaendelea kuhesabiwa. Bosi hakunisalimia mwezi mzima.

Siku ileile taarifa ilivyotoka, jioni watu wameshaondoka, yule dada wa uhasibu akaja na laptopu yake ameikumbatia kifuani. Akasimama mlangoni.

"Mdogo wangu, hizo picha. Na zangu zilikuwepo?"

Nikamwambia ndiyo dada, za watu wote.

"Uliziona?"

Nikamwambia niliona moja.

Akaniuliza mwezi gani, nikamtajia. Akanyamaza, nikaona anahesabu.

"Kwahiyo siku ile kwenye kikao ulikuwa unajua."

Nikasema ndiyo. Afu nikaanza kumweleza kwamba seva inafuta kila kitu baada ya siku 90, kwahiyo ile picha haipo tena, na nakala haikuchukuliwa, na kwamba mi sikumwambia mtu, nikawa naongea haraka kama mtu anayeeleza kwanini printa haifanyi kazi. Aliniacha nikamaliza yote. Akasema haya, akageuka akaondoka na laptopu yake.

Nilikaa pale miezi mingine saba. Kompyuta yake ikisumbua alikuwa anamtuma mtu ailete.